Nilimwandikia Mzee Jibu la Mwanawe

Nina miaka ishirini na saba, sina mke, na tangu Novemba sijapita sokoni Kianjokoma mchana. Wasomaji wenzangu, jina langu nimelificha kwa sababu hata mama yangu husoma gazeti hili... Mkitaka kunicheka, nichekeni. Nimestahili.

Hadi mwaka jana nilikuwa mtu mkubwa! Nilifanya kazi katika ofisi ndogo mjini Embu, ya kupiga chapa na kutuma barua pepe. Watu waliniita Injinia, ingawa uinjinia wangu ulikuwa kozi ya miezi mitatu. Mteja alileta barua aliyoiandika kwa mkono, nami nikaiingiza kwenye kompyuta ya mtambo wa Linux, ambao haukuwa na picha wala rangi, maandishi meupe tu kwenye skrini nyeusi. Unaandika neno mail na anwani ya mtu, unaandika barua, na mwisho unaweka nukta peke yake kwenye mstari wake. Basi. Mtambo hausemi asante wala pole. Mwenye ofisi alinifundisha kwamba mtambo ukinyamaza, ujue umekubali. Jioni mtambo ulipiga simu wenyewe hadi Nairobi na barua zikaondoka.

Mimi nilichobakiza ni kugonga muhuri kwenye karatasi ya mteja: IMETUMWA. Jinsi nilivyoupenda muhuri ule!

Mwezi wa Mei alikuja Mama Nyaga, jirani yetu wa Kianjokoma. Mwanawe Nyaga alikuwa akisoma India. Mimi na Nyaga tulitahiriwa msimu mmoja, tukauguza vidonda katika nyumba moja. Kwetu mtu wa namna hiyo ni rika lako, na baba yake ni baba yako. Humdanganyi hata kwa mzaha. Sasa baba huyo, Mzee Ireri, alikuwa amelala na uvimbe tumboni, na alitaka kitu kimoja tu: kumwona kifungua mimba wake, amtemee mate ya baraka kifuani kabla hajafa.

"Mwambie akuje haraka," Mama Nyaga aliniambia. "Baba yake anamngoja na hataki kula."

Niliandika mbio mbio, huku nikimwonyesha msichana mmoja wa benki jinsi ninavyochapa bila kuangalia vidole. Nikaruka kipande cha anwani. Sikujua. Nikagonga muhuri.

Kila siku ya soko Mama Nyaga alikuja kuuliza. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano... Hakuna jibu. Moyoni nilimtukana Nyaga, nikasema India imemharibu. Mwishowe, siku moja ofisi imejaa watu, mama yule akaniuliza kama kweli mashine yangu inafika India ama inafika Runyenjes hapo jirani tu. Watu wakacheka. Ningefanya nini? Ningesema sijui, mimi Injinia? Nikamwambia jibu limefika, arudi saa nane alichukue.

Akaenda kunywa chai. Nami nikakaa nikaandika jibu la mwana kwa baba yake! Kwenye mtambo ule ni rahisi, unajitumia barua na kuweka jina la mwingine mahali pa mtumaji. "Baba, vumilia. Nikimaliza mtihani nitakuja Desemba." Nikalipiga chapa, likafanana kabisa na la kweli.

Mama Nyaga aliikunja karatasi mara nne akaitia kifuani. Alikuwa amepanga kumwendea padri wetu ili amtafute Nyaga kupitia wamisheni. Hakwenda tena. Aende kufanya nini, na jibu alikuwa nalo?

Oktoba Mzee aliniita. Nilimkuta amekwisha, mifupa mitupu, na karatasi yangu chini ya mto imechakaa kwa kusomewa na wajukuu. Akaniambia niketi karibu.

"Desemba ni mbali," alisema. "Wewe ni rika yake. Nitakupa wewe, utampelekea."

Kwa nini sikukataa? Nilifungua vifungo vya shati. Mdomo wake ulikuwa mkavu, akakusanya mate kwa shida, akanitemea kifuani akilitaja jina la Nyaga, akamwombea watoto na mvua. Mama Nyaga akasema amina. Nilifunga shati bila kujifuta, nikapitia katikati ya mibuni ili nisikutane na mtu.

Wiki iliyofuata mwenye ofisi alikuja kukagua mtambo. Kila asubuhi nilipoufungua, mtambo huo uliniandikia kwa Kiingereza kwamba nina barua mpya. Miezi yote hiyo! Nilidhani ni salamu tu. Majibu ya wateja yalikuwa na sanduku lake, na hilo ndilo nililolijua.

"Kwani wewe husomangi hii?" aliniuliza. Akaandika neno moja, skrini ikajaa. Barua zote zilizoshindwa kufika zilikuwa zimerudi humo. Ya Mama Nyaga ilikuwa imerudi jioni ile ile ya Mei, na kosa langu limeelezwa waziwazi.

Nilirekebisha anwani nikatuma. Kesho yake Nyaga alijibu: "Mbona mlinificha? Nakuja." Ijumaa alfajiri Mzee alikata roho. Nyaga alifika Jumamosi, moja kwa moja mochari.

Baada ya mazishi alikuja ofisini na ile karatasi mkononi. Hakupiga kelele.

"Hii sio yangu," alisema. "Nani aliandika?"

Nikamwambia yote. Kisha nikafungua shati mbele ya wateja, nikamwambia baba yake aliniachia baraka nimpe. Alinitazama kifua, akaiweka ile karatasi mezani.

"Kaa nayo," akasema. "Kutoka kwako siwezi kuichukua."

Niliacha kazi siku hiyo hiyo. Mama Nyaga hakunitolea neno baya, na heri angenitukana! Tulipokutana kanisani alinishika mkono akasema, "Si ungesema haujui, mtoto yangu? Mimi sijui kusoma, na sijakufa."

Ndugu zangu, hasa ninyi vijana mnaoitwa mainjinia na maprofesa kabla hamjaiva, nawasihi: semeni hamjui! Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilitosha kumfikisha mzee wa watu kaburini akingoja. Watu wacheke tu, wataenda zao nyumbani. Mimi nikioga, hapa kifuani napaosha taratibu, maana nimebeba mali ya mtu na mwenyewe haitaki.