Aliyeketi Mbele ya Taa

Nondo walikataa kutua katikati ya shuka.

Felistus Nangila alidhani ni upepo. Alikuwa ametundika shuka jeupe kwenye kamba, pembeni mwa shamba la mahindi, akaning'iniza taa ya sola mbele yake, kama alivyofanya mara nyingi tangu aolewe huku nje ya Tororo. Kazi yake ilikuwa kuwatambua nondo wa eneo hilo: yupi anazaa viwavijeshi, yupi watoto wake hutoboa mabua, yupi anapita tu bila kosa. Mwanzoni majirani walimcheka. Mahindi yao yalipopona, waliacha.

Jioni hiyo nondo walijaa pembeni, wa kahawia, wa kijivu, mmoja mnene kama kidole gumba. Katikati palikuwa peupe kabisa. Felistus alirudi nyuma kidogo apige picha, ndipo akaona ule weupe una umbo. Kichwa. Mabega. Magoti yaliyokumbatiwa. Kana kwamba mtu ameketi mbele ya taa, na nondo wanakiogopa kivuli chake.

Akaisogeza taa. Nondo wakaruka, wakatua tena, na lile umbo likasogea pamoja na mwanga. Kisha akasikia harufu: jasho la homa, na majani ya mwarobaini yaliyochemshwa. Aliponyoosha mkono kwenye swichi, sauti ya mwanamke ikamnong'oneza sikioni, "Usizime."

Alikimbilia ndani. Mumewe, Edgar Okiror, alikuwa anakunywa chai.

"Kuna mtu pale nje," Felistus alisema akihema. "Haonekani. Amesema nami."

Kikombe cha Edgar kilisimama karibu na mdomo. "Alikuambia usizime?"

Felistus hakuwa amemwambia hayo.

Asubuhi alivuka barabara hadi kwa Shallon, dada yake Edgar, akamkuta anasaga njugu. Alimuuliza habari za Akiror, mke wa kwanza wa Edgar, ambaye Edgar alisema alimwacha yeye, akaolewa na mtu wa Malaba.

Shallon aliacha kusaga. "Aliolewa na udongo, wifi."

"Unasema nini?"

"Aliugua. Kila usiku alikuwa anaogopa giza, anaomba tu wamwachie taa. Kaka akasema mwanga unamkosesha usingizi. Akazima taa, akaichukua, akafunga mlango kwa nje. Asubuhi tulimkuta amekaa, amekumbatia magoti, anatazama mlango. Ameshakauka."

"Na hakuna aliyemsikia?"

"Kijiji kizima kilisikia," Shallon alisema, akarudi kwenye njugu zake.

Felistus hakutundika shuka tena, lakini Akiror alikuwa ameshajua njia. Usiku, taa ikiwaka sebuleni, nondo waliingia kwa madirisha yaliyofungwa, wakatanda ukutani wakiacha lile umbo katikati, na kila usiku umbo lilikuwa karibu zaidi na chumba cha kulala, na kucha zilikwaruza mlango kutoka chini kwenda juu, polepole, kucha za mtu anayejaribu kusimama na miguu imekataa, huku Edgar akijifunika gubigubi na Felistus akiuma ncha ya mto asipige kelele, maana sasa sauti ilikuwa haiombi tena, ilikuwa inacheka, na kicheko hicho hakikuwa cha mwanamke wala cha mwanamume.

Ndipo wakamwita Mable, mganga kutoka Majanji. Alifika jioni na ndala zake za mpira, akanusa kuta, akatema mate mlangoni.

"Si yule marehemu peke yake," alisema kwa sauti ya chini. "Kilio kikikosa wa kukijibu, jini anahamia ndani yake. Wametoka kuwa wawili, sasa ni kitu kimoja."

"Atatoka?" Edgar aliuliza.

"Njia ni mbili. Ya kwanza, wewe uliyemzimia taa ukae naye, taa inawaka, umwombe msamaha kila usiku mpaka achoke kulia. Labda mwaka mzima. Huyo jini atabaki bila nyumba, atakwenda."

"Nitakaa naye mimi," Felistus alisema.

"Si wewe alikuwa anakuita, mwanangu." Mable alimgeukia tena Edgar. "Ya pili ni fupi. Umzimie tena. Mbele ya macho yake, umwambie toka."

Felistus alimtazama mumewe. Alimtazama kwa muda mrefu, akimsubiri.

"Swichi nizime saa hii," Edgar aliuliza, "au ningoje ufike usiku?"

Usiku ulipofika, waliwasha taa chumbani, Mable akachoma ubani, nondo wakajaa ukutani, umbo likatokea kitandani kwao kabisa, na safari hii kicheko kilikatika, ikabaki sauti nyembamba ya mgonjwa ikisema, Edgar, Edgar wangu, kidogo tu, mpaka kupambazuke, sitakusumbua, na Felistus akamshika mume wake mkono na kumsihi, ngoja, basi ngoja kidogo, naye Edgar akautoa mkono wake taratibu, bila hasira, bila kutetemeka, akasema, "Toka," akabonyeza.

Giza. Mlango ukafunguka wenyewe. Kilio kilipita uani, kikaingia kwenye mahindi, kikaenda kikififia hadi kikamezwa na mngurumo wa malori ya kwenda Malaba.

"Sasa tutalala," Edgar alisema. Muda si mrefu alikuwa anakoroma.

Alfajiri Felistus alimkuta Mable uani ananawa mikono, begi lake limeshafungwa.

"Kweli amekwenda, mama?"

"Amekwenda. Hatarudi."

"Amekwenda wapi?"

Mable alikung'uta maji kwenye vidole. "Uliona wapi mtu anafukuzwa, halafu anaulizwa anakwenda wapi?"

Felistus aliingia ndani kuchukua nguo zake. Edgar alikuwa bado amelala, uso umetulia kama wa mtoto. Hakumwamsha. Alimfuata Mable hadi barabarani, na pikipiki iliposimama, Mable akapanda, naye akapanda nyuma yake.