Salamu Kutoka Kwenye Bomba

Jua lilikuwa linazama nilipompelekea mume wangu ugali jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba. Soko la pamba lilikuwa limefunguliwa kwa watu binafsi, ushirika umelala, na matajiri wapya walikuwa wananunua majengo yake. Aliyenunua jineri yetu, nje ya Bariadi upande wa Maswa, hakuipendea pamba. Aliipendea injini.

Injini ya mvuke, iliyotengenezwa Ulaya kabla babu yangu hajazaliwa. Gurudumu lake lilizidi nyumba yangu kwa urefu, na kila kona ilikuwa na kioo, mshale, au bomba la shaba lililopinda kama utumbo. Watu walimshauri aiuze vyuma chakavu. Akakataa. Aliisugulisha kwa ndimu na majivu hadi ukaiona sura yako, kisha akaajiri watu wa kuiwasha. Maganga wangu akawa mchochea moto.

Getini nilimkuta Joakim, fundi wa injini, ameshika baiskeli.

"Shemeji, mpe chakula uondoke."

"Kwani kuna nini?"

Akashusha sauti. "Kuna bomba ukutani, mdomo wake kama tarumbeta. Zamani bwana mkubwa alikaa ofisi ya juu akasemea mle, mtu wa chini akasikia. Likikusalimia, usiitikie."

"Na huko juu anakaa nani?"

"Ngazi ilishaanguka. Hakuna anayepanda."

Nikamkumbuka Salu, mchochea moto aliyemtangulia Maganga. Tulimzika kule Nkoma mwezi uliopita. Hakuwa ameumwa kitu.

"Salu naye aliitikia?"

"Salu alikuwa na adabu sana," alisema Joakim, akapanda baiskeli yake.

Ndani kulinuka mafuta, na chini ya mafuta, jasho. Jasho la watu wengi. Maganga alikuwa amekaa peke yake juu ya gogo. Mlango wa tanuri ulikuwa wazi, na mle ndani giza tupu. Hapakuwa na moto.

Lakini gurudumu lilikuwa linazunguka.

Shuuu… kimya. Shuuu… kimya.

"Mbona moto umezimika?"

"Jioni haihitaji kuni," alisema bila kunitazama.

Nyuma ya boila mtu alikuwa anachota kwa chepe. Kraa… kraa… Nilimuuliza Maganga ni nani. Akanawa mikono. Nikafunua bakuli.

"Mwadela."

Sauti ilitoka ukutani. Sauti ya mzee, ya upole, kama aliyechoka na safari.

Ilikuwa salamu yetu ya Kisukuma, na kwetu salamu haiachwi hewani. Mkubwa akikusalimia unaitikia, na akikuuliza wewe ni wa kwa nani, unamtaja baba yako. Binti yangu Nancy nimemchapa kwa kulisahau hilo. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nikauma khanga.

"Mwadela, baba," akaitikia Maganga.

"Wa kwa nani?"

Maganga akasimama wima kama mtoto mbele ya babu yake, akavuta pumzi ya kujibu.

Nikamshindilia tonge la ugali mdomoni. La moto, zima. Alipaliwa, macho yakamtoka, nami nikamshika taya kwa mikono miwili.

"Wa kwa nani?"

Gurudumu likasimama. Chepe likasimama.

Nyuma ya boila mtu akajibu taratibu, "Wa kwa Mihayo."

Mihayo ni baba yake Salu. Na sauti ile naijua. Iliimba kwenye harusi yangu.

Nilimburuta Maganga hadi barabarani. Bakuli nililiacha.

Nyumbani alisukutua, akasubiri watoto walale.

"Umefanya vizuri, mama Nancy," alinong'ona. "Ila umechelewa."

"Nimechelewa nini?"

Alitazama viganja vyake. "Jumatatu iliniuliza. Nikajibu."

Hakurudi tena kazini. Tajiri alikosa mchochea moto mwingine, akafunga geti kwa mnyororo, akahama. Maganga yupo. Analima, anakula, analala. Lakini ukimsalimia haitikii, hata mama yake mzazi. Majirani wananicheka kwamba nimemfundisha jeuri.

Jioni, upepo ukitoka upande wa jineri, nasikia chepe. Kraa, kraa, kraa, kisha pumziko. Mtu anayechota hivyo namjua. Nimelima ubavuni mwake tangu niolewe.

Juzi nilifunga bakuli la ugali kwa kitambaa, nikaliweka nje ya lile geti. Asubuhi nilikuta mabakuli mawili, hilo na lile nililoliacha kule ndani. Yote matupu. Nikasema ni mbwa.

Lakini yalikuwa yamepangwa, moja ndani ya jingine, na kitambaa kimefungwa juu yake kwa fundo la mtu wa mkono wa kushoto. Maganga ndiye anayefunga hivyo.

Huyu wa nyumbani sijamwambia.