Masale ya Abdiel

Kila asubuhi Aika alikamua ng'ombe wake, akafagia uwanja, kisha akasimama getini kuangalia magari. Hakuyaangalia kwa raha. Yalikuwa yanagombania njia.

Nyumba yao ilikuwa Sekei, kando ya barabara iendayo mjini. Walipohamia, magari yaliyopita kwa siku yalihesabika. Sasa ilikuwa mwaka 1995. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, magari ya mitumba yamejaa Arusha, na nyumba mpya zinaota kila kona. Barabara ilibaki ile ile ya udongo, ya gari moja.

Mwaka huo manispaa ilianza kuipanua. Mashine ilichonga vizuri mpaka ilipofika kwa Abdiel, mume wa Aika. Hapo ikasimama.

Ilisimama kwa sababu ya masale. Ni ule mmea wa majani marefu ambao Wachaga hupanda mpakani. Mchaga hang'oi masale ya mwenzake. Abdiel alilijua hilo. Ndiyo maana kila mwaka aliyasogeza yake hatua moja kuelekea barabarani, na nyuma yake akapanda migomba.

Kibarua aliyeitwa Naftali aliweka jembe chini. "Mimi nimezaliwa Machame," alisema. "Masale ya mtu siyagusi. Ang'oe mwenyewe."

"Na mwenyewe hang'oi," alisema Abdiel, akicheka.

Basi wakamruka, wakaendelea mbele. Barabara ikawa pana juu na pana chini. Getini kwa Abdiel ikabaki nyembamba. Magari yalikutana hapo, na hakuna dereva aliyekubali kurudi nyuma. Mvua iliponyesha, maji ya mfereji yaligonga migomba yake yakamwagika barabarani. Getini pakawa bwawa la tope.

"Baba Irine, tufuge bata sasa," alisema Aika.

Abdiel alikuwa na jambo lake. Binti yao Irine alikuwa anaolewa baada ya wiki tatu, na Abdiel alitaka gari la matarumbeta lisimame getini kwake, lipige mpaka Sekei nzima ijue. Kiongozi wa matarumbeta akaja kukagua njia. Alitazama tope, akatikisa kichwa.

"Mzee, gari langu halifiki hapa. Tutapigia pale juu."

"Pale juu ni kwa jirani yangu."

"Ndiyo. Kwake kuna barabara."

"Binti ni wangu, matarumbeta yapigwe kwa mwingine?"

"Utayasikia tu, mzee. Si mbali."

Aika alicheka mpaka akakaa chini. Abdiel siku hiyo hakumaliza chakula.

Kesho yake alimwita Evaresta, fundi wa barabara wa manispaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Njoo unionyeshe hiyo ramani yako."

Evaresta alipima kwa futi ya kamba kuanzia katikati ya barabara. Aliingia migombani, akainama, akafukua majani makavu. "Baba, hiki ni nini?"

"Jiwe."

"Jiwe lenye namba?"

Abdiel akatazama pembeni. Ilikuwa bikoni, alama ya zege inayoonyesha mwisho wa kiwanja chake.

"Barabara si pale gurudumu linapokanyaga tu," alisema Evaresta. "Inataka nafasi ya magari mawili kupishana. Inataka mfereji kila upande, kwa sababu maji yakikosa njia yanaila barabara. Inataka pa kupita watoto wa shule na akina mama wenye mizigo. Na mji ukikua, ibaki nafasi ya kuongeza. Eneo hilo lote ni hifadhi ya barabara. Halipandwi, halijengwi. Mtu asiyejua mpaka wake aje ofisini aulize."

"Na anayejua?" aliuliza Aika.

"Huyo, mama, utamshughulikia wewe," alisema Evaresta.

Abdiel alichukua jembe. Aliing'oa migomba, akayang'oa masale yote kwa mkono wake, akayapanda upya ndani ya bikoni. Jani moja alilibakiza. Kwa Wachaga, jani la masale ni ombi la msamaha, na halikataliwi. Alimpa Evaresta, mbele ya vibarua.

Evaresta alilipokea kwa mikono miwili. Naftali naye akaokota jembe lake. "Sasa tufanye kazi," alisema.

Kwa siku nane walipanua barabara, wakachimba mfereji, wakashindilia changarawe. Usiku mmoja mvua kubwa ilinyesha. Asubuhi Aika alikwenda getini na ufagio wake. Hapakuwa na tope la kufagia.

Jumamosi ya harusi, gari la matarumbeta lilisimama getini kwa Abdiel na kupiga kwa nguvu. Lori la saruji likalipita ubavuni bila kupunguza mwendo sana, dereva akipiga honi kufuata muziki. Akina mama walipiga vigelegele. Abdiel, na suti yake mpya, alicheza mpaka akajikuta katikati ya njia.

"Baba Irine," aliita Aika, "umeingia tena barabarani. Rudi nyuma ya masale."

Abdiel akarudi nyuma ya masale, akaendelea kucheza.