Kelele Alizopiga Zaina

Kila Alhamisi, kipindi cha kwanza baada ya mapumziko kilikuwa cha Kiingereza, na kila Alhamisi Zaina alikaa dawati la mbele akiwa ameshachonga penseli mbili. Ilikuwa mwaka 1998, naye alisoma darasa la sita katika shule moja ya msingi mjini Nachingwea. Kichwa chake kilikuwa chepesi kushika neno geni, na mdomo wake ulikuwa mwepesi zaidi.

Alhamisi moja Mwalimu Prisca aliandika ubaoni maneno manne: "steal", "rob", "snatch" na "borrow". Hakuyafasiri, aliyatenda. Alichomoa kalamu kwenye mfuko wa Habibu wakati Habibu anatazama dirishani; hiyo ikawa "steal". Akamshika mkono, akamkunjua vidole kwa nguvu na kuchukua kifutio. Hiyo ikawa "rob". Rula akaikwapua na kukimbia nayo hadi mlangoni; "snatch". Mwisho akasema, "Habibu, niazime kitabu chako," akapewa. Darasa zima lilicheka, isipokuwa Habibu aliyebaki na dawati tupu.

"Vitu vinne vimeondoka, na mkono uliochukua ni mmoja," Mwalimu alisema. "Lakini makosa si mamoja, na kitabu sikukichukua kwa kosa lolote. Mtaniandikia sentensi za mambo yaliyotokea kweli."

Wiki hiyo hiyo babu yake Zaina, Mzee Saadi, alifariki kijijini Mbekenyera. Zaina alikuwa na mtihani, kwa hiyo hakuwahi mazishi. Siku ya tatu shangazi yake, Fatu, alirudi mjini kumchukua, na mchana wakashuka kwenye basi dogo hapo sokoni Mbekenyera. Shangazi alibaki kusubiri mzigo wao ushushwe. Zaina akasimama pembeni, macho yamevimba kwa kulia.

Ndipo alipoiona baiskeli ya babu. Hakuweza kuikosea, kwa sababu kitambaa chekundu cha tandiko alikishona yeye Zaina kwa mkono. Juu yake alikaa mwanamume mwenye masharubu asiyemjua, anapiga kengele na kuimba. Babu ana siku tatu kaburini, na mtu anaimba juu ya baiskeli yake! Hasira zilimpanda Zaina mpaka masikio yakamwaka moto. Hakumuuliza mtu. Alipiga kelele za mwizi kwa nguvu zake zote.

Sokoni neno hilo halihitaji kurudiwa. Wauza ufuta waliacha mizani inaning'inia. Vijana waliokuwa wakipakia magunia waliruka chini na kuokota kuni na mawe. Yule mtu alivutwa kutoka kwenye baiskeli, akapigwa teke la mgongo, na jiwe likampasua juu ya jicho. Zaina aliiona damu ikitiririka na, tuseme ukweli, alifurahi.

Aliyewazuia ni Shangazi Fatu. Aliutupa mzigo, akapenya katikati ya kuni na mawe, akamkinga yule mtu kwa mwili wake.

"Huyu ni Bonifasi wa Chinongwe," alisema, na sauti ilimtetemeka kwa hasira. "Ndiye aliyemchimbia baba yangu kaburi. Nani amemwita mwizi?"

Vijana wote wakageuka kumtazama Zaina. Furaha yake ikamwisha.

Njia nzima ya kwenda msibani Shangazi hakumshika mkono. "Ukoo wa Bonifasi na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu," alisema bila kumtazama. "Kwenye msiba mtani ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayebeba maji, ndiye anayewachekesha wafiwa. Na akitaka huchukua kitu cha marehemu, akatamba nacho mpaka tumpe kikapu cha unga. Hapo anakirudisha. Kukasirika hakuruhusiwi."

"Lakini hakuomba ruhusa, Shangazi."

"Alichukua mchana kweupe, mbele ya bibi yako. Bibi yako akacheka kwa mara ya kwanza tangu afiwe. Wewe ulikuwepo?"

Bonifasi hakurudi msibani. Aliiacha baiskeli pale pale vumbini, akaenda kwao kwa miguu, shati amelibana juu ya jicho. Jioni ikaja salamu yake: mtu aliyeitwa mwizi hawezi kufagia ua wa watu. Bibi aliposikia aliinama, akalia upya. Siku ya arobaini mtani ndiye anayefagia ua ili matanga yaanuliwe. Kama asingefagia, Bibi angeendelea kukaa na msiba ndani ya nyumba, na hakuna aliyejua mpaka lini.

Zaina alirudi shuleni amenuna. Moyoni bado alijitetea. Kama si mwizi, ni nini mtu anayeondoka na kitu cha wenzake bila kuomba? Kwenye daftari akaandika sentensi ya Kiingereza isiyo na kasoro hata moja, kwamba Bonifasi aliiba baiskeli ya babu, akatumia lile neno la kwanza ubaoni. Mwalimu Prisca alimwita mezani akataka asimuliwe habari yote, naye akasimulia.

"Alichukua kwa siri?" Mwalimu aliuliza.

"Hapana, Mwalimu."

"Kwa nguvu?"

"Hapana."

"Alikusudia kuibakiza kwake?"

"Hapana. Mpaka apewe unga."

"Sasa hili neno umelitoa wapi?"

Zaina aliitazama sentensi yake. "Nilikuwa na hasira, Mwalimu."

"Hasira zako zimempasua mtu juu ya jicho." Mwalimu alilifunga daftari bila kutia alama. "Sentensi yako ni sahihi, na ni ya uongo. Hapa ningeweza kukufutia kwa kifutio. Kule ulikoitangazia utafuta kwa nini?"

Swali hilo lilimganda Zaina hadi alipokwenda tena Mbekenyera. Siku moja kabla ya arobaini, siku ya gulio, alimwomba Shangazi ampeleke sokoni. Akasimama pale pale alipopigia kelele.

"Mimi ndiye niliyemwita Mzee Bonifasi mwizi," alisema. "Si mwizi. Ni mtani wetu. Niliwadanganya."

Kijana mmoja wa magunia alimtazama kwa chuki. "Ulitutia damu mikononi, mtoto wewe," alisema, akatema mate kando. Watu wa Chinongwe waliokuja gulioni walikuwepo, na walisikia.

Asubuhi ya arobaini ua ulijaa watu, na ufagio ukalala chini bila mtu wa kuushika. Kisha Bonifasi akaingia. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, akaokota viatu vya shule vya Zaina, vipya kabisa, akavibana kwapani. Akamgeukia.

"Nimechukua bila kuomba," alisema. "Haya, piga kelele."

Kovu juu ya jicho lake lilikuwa bado jekundu.

"Shikamoo, mtani," Zaina alisema. "Nisamehe. Viatu hivyo havikutoshi, vitakubana vidole. Subiri nikuletee unga."

Aliingia ndani, akatoka na kikapu kimejaa, akakiweka miguuni pake. Bonifasi hakucheka.

"Sikiliza," alisema. "Ukiita mtu mwizi, hakuna anayesimama kuuliza kachukua nini, kachukuaje. Wanaokota mawe. Kwa hiyo uliza wewe, kabla hujafungua mdomo. Siku ile ungeuliza neno moja tu, nisingekuwa na hili."

Alijigusa kovu. Kisha akamrudishia viatu, akaushika ufagio na kuanza kufagia, na Bibi akanyanyuka kutoka kwenye mkeka wa matanga.