Sita Ni Kubwa Kuliko Nne

"Ng'ombe wa nani hao, Baba?"

"Wako."

Mbuke akacheka, akidhani utani. Lakini mzee Nyanda hakuwa na utani. Alikuwa anafungua zizi lake pale nje ya Chimala, na wachungaji wanaswaga ng'ombe wageni kuingia.

"Si tulikubaliana? Ukirudia mtihani ukaongeza, unakwenda kusomea udaktari. Usipoongeza, unaolewa. Sasa umeshuka."

"Nimeshuka? Baba, nimepata divisheni wani ya nne!"

"Na mwaka jana ulipata ya ngapi?"

"Ya sita."

"Sita ikawa nne, huko ndiko kuongeza? Sijasoma, ng'wanone, mwanangu, lakini kuhesabu mifugo najua."

Jamani! Mwaka mzima kajifungia Iringa kwa mama yake mdogo, anakesha na kemia mpaka macho yanamuuma, kwa sababu ile wani ya sita, ambayo wenzake wangeishangilia, ilimkosesha nafasi ya udaktari. Leo anaambiwa kashuka!

"Baba, pointi zinahesabiwa kinyume. A ni moja, B ni mbili. Zikipungua ndiyo umefaulu zaidi."

"Mbona mwalimu wako hakusema hivyo?"

"Mwalimu gani?"

"Lusekelo, yule wa tuisheni mtaa wa Soweto, Mbeya, kabla hujaenda Iringa. Nilimpigia nikamuuliza, sita na nne ipi kubwa? Akasema, 'Sita, mzee.' Akanipa pole. Akasema hata hivyo atakuoa. Hao ng'ombe ni wake."

Mbuke akashika nguzo ya zizi. Lusekelo alikuwa mpenzi wake. Ndiye aliyemwambia rudia, unaweza. Na kwa kuwa intaneti ya huku inasumbua, ndiye aliyemwachia nywila amjazie maombi ya chuo.

Akampigia, akaweka spika.

"Mpenzi, ng'ombe wamefika?"

"Ulimwambia Baba nimefeli?"

"Sikusema umefeli. Aliniuliza namba, nikajibu namba."

"Na maombi yangu ulijaza?"

"Hayo tutaongea nikija."

"Lusekelo! Dirisha la maombi limefungwa jana. Ulijaza?"

"Mbuke... ungekaa Dar miaka yote ile na madaktari wenzako, ungenikumbuka mimi wa tuisheni? Nakupenda mno."

"Unanipenda nikiwa nimefeli."

"Tuoane kwanza, halafu mwakani..."

Mbuke akakata. Akalia palepale kwa kwikwi, wachungaji wanamwona, hajali.

Mzee Nyanda alikuwa ameduwaa na fimbo yake.

"Mimi ndiye niliyeuliza swali la kijinga," akasema.

"Hukujua, Baba."

"Yeye alijua." Akawageukia wachungaji. "Watoeni! Warudi Mbeya sasa hivi, kabla hawajanywa maji yangu."

"Mzee, wamechoka..."

"Watoeni, nimesema!"

Vumbi likatimka tena. Mzee akamsogelea binti yake, akauliza kwa sauti ya chini:

"Na chuo?"

"Kimenipita, Baba. Mwaka huu basi tena."

Mzee akamshika bega, yeye ambaye hajawahi kumshika bega tangu avunje ungo.

Simu ikatetemeka. Meseji ya Lusekelo:

"Nisamehe. Niliogopa. Nilijua ukienda utaniacha."

Mbuke aliisoma mara mbili, machozi yanadondokea kioo. Akaandika:

"Nisingekuacha."

Akaituma, akazima simu.