Mgeni Ndani ya Gari la Kidega

Malipo ni hapa hapa duniani. Ukibisha, muulize rafiki yangu Kidega, askari wa trafiki. Alimgonga mwanamke kwa gari lake pale Kamwokya akakimbia, akamwacha analia, "Afande, usiniache!" Gari lile akaliuza upesi, kimyakimya.

Juzi alikabidhiwa jingine, limetoka Japani. Kila akiliwasha, sauti ya kike kutoka kwenye dashibodi ilisema kwa Kijapani. Mkewe, Concy, akacheka: "Mgeni huyu tumfundishe Kiswahili."

Walipofika kwao Bugolobi, waliingia maegesho ya chini ya jengo. Concy akashuka. Kidega akazima injini, akachomoa ufunguo. Mara taa zote zikazimika, giza totoro. Milango ikajifunga yenyewe. Concy akaanza kugonga kioo.

Sauti ile ikasema polepole, kwa Kiswahili:

"Afande, leo hatuachani."