Nguzo Mbili Juu ya Mto Lena

Nikidanganya hata neno moja, ng'ombe wangu wote wafe leo hii, na hapa kwetu Yakutia hakuna anayenifikia kwa ng'ombe! Haya, sikilizeni.

Ilikuwa alasiri ya Desemba, giza limeshaingia kama kawaida ya huku kwetu majira ya baridi. Jirani yangu Keskil alikuwa anavuka barafu ya mto Lena na gari, anamkimbiza bintiye Saina hospitali ng'ambo. Koo la mtoto limevimba, sauti haitoki kabisa, anakoroma tu. Mama mkwe wake alishamwambia aendeshe kama mwanamume, asiende kama kabeba mayai.

Katikati ya mto, ukungu. Njia ikapotea. Keskil akamfunika mtoto kwa ngozi ya farasi, akashuka kutafuta yale matawi tunayochomeka kuonyesha njia. Injini na taa akaziacha zinawaka. Nani anazima gari kwenye baridi ambayo ukitema mate yanafika chini kokoto? Kwenye baridi hiyo, kila taa husimamisha nguzo ya mwanga mpaka mbinguni. Unaifuata, unarudi.

Tawi akalipata. Akageuka.

Nguzo mbili.

Zinafanana kama mapacha. Muungurumo kote kote... Harufu ya dizeli kote kote...

Kutoka ya kushoto, kitu kikaita taratibu.

"Baba. Huku kuna joto."

Saina hana sauti. Basi huyo ni abaasi, jini la huku kwetu linaloiga watu. Mimi ningelifuata nilikate mbavu, lakini yeye ana mtoto. Akakimbilia ya kulia, machozi yanamgandia kwenye kope, anaomba amkute anapumua.

Gari lilikuwepo. Akafungua mlango.

Saina amekaa wima. Hakoromi.

"Baba," akasema taratibu. "Si nilikuita?"

Sauti ileile.

Na kule kushoto, kabla nguzo haijazimika, Keskil akasikia mtu anakoroma... kidogo... kama koo lililovimba.

Alikimbia kule mpaka miguu ikafa ganzi. Theluji tupu.

Akarudi nyumbani na yule aliyemkuta kwenye gari. Amepona, anakula, anacheka. Bibi yake, yule mama mkwe, hampakati. Nilipomuuliza Keskil kwa nini bado anamlea, akainama.

"Na kama ni wangu?"

Jamani, msimsimulie mtu. Tumepakana ukuta, na yule mtoto anasikia mbali.